Kilima Kilichonichagua ili Kiniondoe

Siku mliponiaga pale ofisini kwa keki na kitenge, mmoja wenu aliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Simtaji, maana bado ana safari ndefu ya utumishi. Alisema niandike mafanikio. Mafanikio mtayakuta kwenye hotuba ya mkurugenzi, naye aliyasoma vizuri kuliko nilivyoyaishi. Mimi nitawaandikia woga. Nimekagua afya ya mimea tangu nikiwa msichana hadi magoti yakaanza kulalamika, na kama kuna kitu kilichonifikisha salama hapa Mlandege, Iringa, nikalima mchicha na kugombana na kuku wa jirani, basi ni kuogopa.

Siku ya kwanza nilipelekwa Ipogolo, kule chini kwenye barabara kuu, kukagua malori ya viazi yanayotoka Mbeya. Niliyekabidhiwa kwake alikuwa Mzee Sanga, Mkinga mfupi mwenye koti la mvua ambalo alilivaa hata kiangazi. Hakunipa hotuba. Alinipa kisu, chupa ya jiki na glasi ya kioo, akaniambia niuoshe ule uso kwanza, maana nilikuwa nimelia njiani. Dereva mmoja alikuwa amenifokea kwamba mtoto wa kike hawezi kumshushia tajiri wake shehena.

"Unaogopa?" akaniuliza.

"Naogopa, mzee."

"Vizuri. Mkaguzi asiyeogopa ni jambazi mwenye muhuri. Sasa twende kwenye viazi."

Aliyonifundisha siku ile ndiyo niliyowafundisha ninyi, ingawa siku hizi mna vifaa vinavyotoa majibu kwa mlio. Ukiwa shambani, kata shina la kiazi karibu na udongo. Lichomeke kwenye glasi ya maji safi, ulishike wima, usitikise. Kama shina ni zima, maji yanabaki maji. Kama lina mnyauko, utaona uzi mweupe ukiteremka taratibu kutoka kwenye shina kwenda chini, kama maziwa yanayovuja. Ukiona uzi ule, shamba hilo limekwisha, na udongo wake utabaki na ugonjwa kwa miaka. Osha kisu kwa jiki kabla ya kugusa shina la pili. Mzee Sanga alikuwa akisema kisu kichafu cha mkaguzi kimeua mashamba mengi kuliko mvua ya mawe, na sikuwahi kumkuta amesahau.

Kitu cha pili alichonifundisha ni kwamba habari mbaya haibandikwi ukutani. Inapelekwa kwa miguu. Tukilifunga shamba la mtu, tulikwenda wenyewe hadi uani, tukaketi, tukala tulichopewa, ndipo tukasema. Nilichukia sana desturi hiyo. Hakuna ugali mgumu kumeza kama ugali wa mtu unayekwenda kumwambia mazao yake yang'olewe. Lakini mzee alikuwa na sababu yake. Alisema mwenye shamba ana haki ya kuiona sura ya mtu wa kumlaani.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya, nikakaa huko miaka mingi kuliko nilivyopanga. Ya vyeo nayaruka, yako kwenye faili. Naja kwenye simu.

Ilikuwa asubuhi, niko shambani na buti za mvua. Sauti ya wizarani ikaniambia nimeteuliwa kuingia kwenye jopo la Jumuiya yetu ya nchi jirani, jopo la afya ya mimea, mtaalamu mmoja kutoka kila nchi. Nikauliza nani amenipendekeza. Sauti ikacheka, ikasema hongera. Mpaka leo sijui. Ninyi mmezoea kusikia neno uteuzi na kupiga vigelegele. Mimi nilisimama pale katikati ya matuta nikawaza kwamba kuna chumba, mahali fulani, watu wamekaa wamelitaja jina langu, na sikujua walisema nini kingine.

Tuliapishwa makao makuu, katika jiji la watu wengine, kwenye ukumbi wenye baridi ya mashine. Maneno ya kiapo nayakumbuka: kwamba nitaitumikia Jumuiya peke yake, wala sitapokea maagizo kutoka kwa serikali yoyote au mtu yeyote. Wenzangu waliapa kwa sauti za kwaya. Mimi nilijikwaa kwenye "mtu yeyote". Nililelewa na mama Mluteri kule Iringa, nikaolewa ukweni kwenye mawifi wengi. Sikuwahi kuishi hata siku moja bila mtu wa kuniagiza. Na uwezo tuliopewa haukuwa mdogo. Jopo likipiga kura, ukanda mzima unafungwa, viazi vyake visitoke, si kuvuka mpaka wala kwenda mkoa wa pili. Waziri hawezi kutengua, mbunge ndiyo kabisa. Walituambia ni makusudi, ili siasa isiingie kwenye sayansi. Nilikubali hoja hiyo, na bado naikubali. Ila usiku ule hotelini nilitamani angalau pawe na mtu mmoja anayeweza kunikataza.

Hofu ilinikuta kwenye milima ya Wasafwa, juu ya jiji la Mbeya. Kijiji sikitaji, wenyewe watajijua. Lori la viazi vyao lilikamatwa nchi ya pili likiwa na mnyauko. Jopo likakutana kwa mtandao, likafunga ukanda ule kwa muda, wakati viazi viko ardhini vimekomaa na matajiri wa viazi wameshafika na malori. Tangazo lilitumwa kwa mtendaji wa kijiji alibandike. Nikakumbuka mafundisho, nikaomba gari, nikapanda mwenyewe.

Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa kwenye uwanja wa kanisa, watu wamejifunga mashuka kwa baridi. Mwenyekiti wao, Mzee Mwashilindi, mtu mrefu, mpole wa kusema, alinikaribisha vizuri. "Huyu ni mwanetu," akawaambia. "Tumemzoea hapa Mbeya. Tumsikilize." Nikasema niliyokuja kusema.

Akasimama mama mmoja, Mama Esta. Alikuwa mjane, na shamba lake ndilo lililoanzia pale tulipokaa likashuka hadi mtoni. Watoto wake wote shuleni walitegemea viazi vile. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Dada, naomba unielimishe. Mwenyekiti tunachagua wenyewe. Mtendaji tunaletewa, hilo tunajua. Lakini mtendaji akitusumbua tunakwenda kwa diwani, diwani anapiga kelele huko halmashauri, mtendaji anahamishwa. Tumeshahamisha wawili."

Mtendaji aliyekuwepo akatazama viatu vyake.

"Sasa wewe," akaendelea, "wewe ukitusumbua tunakupeleka wapi?"

Nikamweleza: Jumuiya, mawaziri, jopo, kiapo. Nilipofika kwenye kiapo nikakitamka chote, maana sikutaka kuficha.

"Wala mtu yeyote," Mama Esta akarudia. "Kwa hiyo hata sisi usitusikilize?"

"Nawasikiliza, mama. Ila siwezi kupokea maagizo."

"Ya nani unapokea?"

"Ya ushahidi."

Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Ushahidi naye kachaguliwa na nani, mwe?" Watu wakacheka. Nikacheka na mimi.

Mama Esta hakucheka. Alisubiri watulie, kisha akasema jambo ambalo katika miaka yangu yote ya vikao, vya nje na vya ndani, sijasikia la kufanana nalo. "Mwenyekiti, mimi nina hoja. Mtu ambaye hatujamchagua hatuwezi kumwondoa. Hiyo ndiyo shida yetu, hakuna nyingine. Basi tumchague."

"Tumchague awe nani?" Mzee Mwashilindi akauliza.

"Awe huyohuyo alivyo. Hiyo kazi yake. Tumchague leo, tuwe na wa kumwondoa kesho."

Nilidhani ni utani. Nikatazama nyuso nikaona si utani. Wakajadiliana, Kiswahili na Kisafwa vikipishana, wakaulizana kama akidi imetimia, wakakubaliana nitoke nje ya duara kama mgombea yeyote anavyotolewa. Nilisimama kando ya ukuta wa kanisa nikisikia watu wakinijadili kwa lugha nisiyoijua vizuri. Niliogopa kuliko siku ya Ipogolo. Niliwaza: wakinikataa nitafanya nini? Kisha nikawaza: wakinikubali, je?

Walinikubali wote. Waliniita, wakanipigia makofi, Mzee Mwashilindi akanishika mkono. "Hongera, mwanetu. Sasa nenda kwenye jopo lako. Useme haya yetu. Halafu urudi hapa utuambie umesemaje. Usipotupendeza tutakuondoa, na usinune."

Kabla sijaondoka nilikagua. Nilianza shamba la Mama Esta, yeye mwenyewe akinifuata nyuma. Alinitazama nikiosha kisu, nikikata, nikiosha. Sikumwonyesha glasi. Niliikinga kwa mwili wangu, maana uzi ulikuwa unashuka.

Kikao cha jopo kilifanyika makao makuu. Niliwaeleza wenzangu habari ya uchaguzi wangu. Walicheka hadi mmoja akavua miwani. "Mheshimiwa," wakaniita siku nzima, "Mheshimiwa wa Viazi, una hoja?" Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wasomi wazuri, waliochoka, wenye vilima vyao wenyewe kwao. Nilikuwa na hoja. Niliomba kwanza wakulima wafidiwe. Mwenyekiti wa jopo akajibu kwamba jopo halina fungu la fidia, hilo ni la serikali, na serikali ilishasema uamuzi si wake ni wa jopo. Nikaomba la pili, kwamba jopo zima lipande kule mlimani likaseme lenyewe. Akatoa kalamu kinywani, akanitazama kwa huruma.

"Tukienda kilima kimoja itabidi twende vilima vyote," akasema. "Na tukienda vilima vyote, hatutafunga hata kimoja."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililonitisha. Aliijua sababu ya sisi kukaa mbali, na akaisema bila aibu.

Ikaja kura. Majibu yalikuwa mezani, mengine nimeyachukua kwa mikono yangu. Mnyauko ulikuwepo. Viazi vile vingetoka vingefika kwenye mashamba ya mbegu ya Iringa, na ninyi mnajua mbegu ya Iringa inakwenda wapi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nilipoutazama mkono wangu mezani niliwaona watu wa uwanja wa kanisa wote wameushika. Nawaambia ukweli, vijana: sikuwahi kuutilia shaka ushahidi. Nilichotilia shaka ni mimi kuwa mwenye kuusema kwa niaba ya watu ambao hawakuniomba, na sasa walikuwa wameniomba niwasemee yaliyo kinyume na ushahidi huo. Niliunyoosha mkono. Nilipiga kura ya kufunga, si kwa muda sasa, kwa msimu wote na unaofuata.

Dereva aliyenipandisha mara ya pili alipendekeza tutume ujumbe tu kwa mtendaji. Alisema watu wenye mapanga ya shamba na hasira hawana itifaki. Nilitamani kumsikiliza. Nikamwambia apande.

Uwanja ulikuwa umejaa kuliko mara ya kwanza. Nikasema, "Nilipiga kura ya kufunga." Nilianza na hilo ili lisinishinde. Kisha nikaomba maji safi. Nikamwomba Mama Esta ruhusa, akaruhusu kwa kichwa, nikang'oa shina moja kwenye tuta lake mbele ya wote, nikakata, nikalishika kwenye glasi. Nikaizungusha glasi ile kwa watu. Wazee waliinama, wakatazama uzi mweupe ukishuka. Hakuna aliyebisha. Nikawaambia habari ya fidia na habari ya jopo kukataa kupanda. Nikawaambia maneno ya mwenyekiti wa jopo kama alivyoyasema. Nikaketi.

Kisha Mzee Mwashilindi akasimama.

"Tumekuelewa, mwanetu. Tumeona kwa macho. Ugonjwa upo, na umerudi kutuambia, wengine wasingerudi. Hatuna ugomvi na glasi yako. Lakini sisi tulikutuma ukaseme yetu, wewe ukasema ya ugonjwa. Ugonjwa ulishakuwa na wa kuusemea. Sisi hatukuwa na mtu. Wanaotaka aondolewe?"

Mikono ikanyanyuka. Nilimtafuta Mama Esta. Alikuwa amenyanyua wa kwake huku machozi yanamtoka. Mtendaji, aliyeletwa kama mimi, akaandika kwenye mhtasari. "Umeondolewa," Mwenyekiti akasema. "Asante kwa kazi. Ule kwanza kabla ya kushuka." Nikala. Safari hiyo chakula kilipita, maana nilijiona mwepesi. Nilishuka mlima nikiwa mtu aliyehukumiwa na watu waliokuwa na haki ya kumhukumu, na nilidhani hofu imekwisha.

Jumatatu nilikwenda ofisini. Mlinzi akanifungulia geti. Funguo zikaingia kwenye kitasa. Barua pepe za jopo zilikuwa zinanisubiri, ukanda mwingine, zao jingine, tafadhali toa maoni yako. Nikapiga simu wizarani.

"Nimeondolewa," nikasema.

"Na nani, mama?" kijana wa upande wa pili akauliza kwa mshtuko, nadhani alihofia kuna waraka umempita.

Nikamweleza. Akavuta pumzi ya nafuu. "Aa, kijiji! Kijiji hakina mamlaka hayo, mama. Kipindi chako bado. Wewe chapa kazi."

Nilifikiria kujiuzulu. Niliandika barua nikaifuta, mara nyingi. Sababu niliyojipa ni kwamba atakayekuja baada yangu hatapanda mlima hata mara moja. Labda ilikuwa sababu nzuri. Ninyi mtaipima. Nilichapa kazi kipindi kile, wakaniongezea na kingine.

Miaka ikapita, wakati wa kuupima upya ule udongo ukafika, nikapanda tena. Sasa walikuwa wamehamia kwenye mahindi na njegere, mabati ya nyumba nyingine yalikuwa yameuzwa, vijana wengi wameshuka mjini kutafuta vibarua. Niliyojiandaa kuyasikia yalikuwa matusi. Nilikuwa nimeyapangia majibu njiani. Lakini gari liliposimama, wanaume waliokuwa kwenye kibaraza walisimama wote wakavua kofia. Mzee Mwashilindi, umri wake umeupita wangu kwa mbali, alinitangulia kusalimia, akaniita mheshimiwa. Hakuna aliyeuliza nimekuja kufunga au kufungua. Walinionyesha mashamba niliyotaka, wakanichotea maji niliyotaka, wakasimama mbali.

Nilipomaliza nilikwenda kwa Mama Esta. Majibu yalikuwa mazuri na nilitaka ayasikie kwangu. Nikamwambia udongo wake umepona, anaweza kupanda. Akasema asante mheshimiwa, Mungu akuzidishie, kwa haraka, kama anayejibu misa. Sikuvumilia.

"Mama Esta, mbona leo hamniulizi kitu? Mlikuwa mnaniuliza ninyi. Hata wewe."

Alikuwa anakifuta kiti kwa kanga yake ili niketi, kiti ambacho kilikuwa kisafi. Hakuinua macho.

"Tukuulize nini, mheshimiwa?" akasema. "Tulishakuondoa. Na umekuja."

Akaendelea kukifuta kile kiti, kisha akanisogezea, yeye akabaki amesimama.